Mteja Hafanyiwi Mtihani wa Dini

Mwanafunzi wa sheria anapomhoji mteja wake wa kwanza katika kesi ya imani, swali linalomtoka karibu kila mara ni hili: "Hilo limeandikwa wapi kwenye kitabu chenu?" Simkatizi. Mteja akishaondoka tunafunga mlango na kulirudia swali lile, maana somo lenyewe liko hapo.

Stanford, Marekani, walianzisha mwaka 2013 kliniki ya sheria ya uhuru wa dini peke yake, ambako wanafunzi huwahudumia watu wa imani mbalimbali bila malipo, chini ya mawakili. Kenya nako Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inavitambua vyuo vikuu vyenye kliniki. Mwanafunzi wa Kenya hawezi kusimama mahakamani kama wakili, lakini kumsikiliza mteja, kuchimba mashauri yaliyokwisha amuliwa na kuandaa rasimu, hayo anaweza.

Sasa lile swali. Mfungwa mmoja Mwislamu huko Arkansas aliandika kwa mkono ombi lake kwa Mahakama ya Juu ya Marekani, akitaka aruhusiwe kufuga ndevu za nusu inchi tu. Gereza likasema mtu anaweza kuficha kitu ndani yake, ilhali wenye maradhi ya ngozi walikuwa wakiruhusiwa robo inchi. Katika mahakama ya chini alikuwa ameambiwa kwamba si Waislamu wote wanaoona ndevu ni lazima. Tarehe 20 Januari 2015, katika shauri la Holt v. Hobbs, majaji wote 9 walimpa haki. Walieleza kwamba sheria haimlindi yule peke yake ambaye waumini wenzake wote wanakubaliana naye. Kinachopimwa ni kama yeye mwenyewe anaamini kwa dhati.

Nairobi pia tumeliona hilo. Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana aliyerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya rasta zake arudi darasani, kwani Urastafari ni dini na Ibara ya 32 ya Katiba inaulinda.

Huwa nawapa wanafunzi wangu zoezi linalofanana na kesi hiyo: waandike hati ya kiapo ya mzazi. Rasimu ya kwanza huanza, "Marasta wote huamini kwamba..." Naikata kwa kalamu nyekundu. Anayeapa ni mzazi huyu mmoja, na wakili wa upande wa pili atamleta Rasta aliyenyoa, na kesi itayumba. Hilo huwauma, hasa wale waliolelewa wakijua dini moja tu, na nawaelewa kabisa. Wanajifunza kumtetea mtu bila kuafikiana naye, kazi ambayo mihadhara peke yake haiwezi kuwafunza.

Wiki inayofuata maswali huwa yamebadilika. "Mama, ulianza lini kuzifuga? Nani alikufundisha? Kuna siku ulilazimishwa kuzinyoa?" Kisha mwanafunzi anaweka kalamu chini, anasikiliza.