Hilo Ua Jekundu la Kilimanjaro ni Lipi?

Kila ifikapo katikati ya Desemba, vikundi vilivyopanda Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru huwa vimerejea Dar es Salaam, na simu yangu hujaa picha. Kazi yangu ni kufundisha uainishaji wa mimea, na kwa kuwa huwapa baadhi ya wapandaji hao somo fupi wakati wa mazoezi yao kwenye vilima vya Pugu, nimegeuka mtu wa kuulizwa majina ya maua. Safari hii ujumbe wa kwanza ulisema: "Shikamoo Mwalimu. Hili ua jekundu linaitwaje?" Picha yenyewe ilikuwa doa jekundu lililojaza kioo chote cha simu, bila jani wala shina, na pembeni ikionekana ncha ya glavu. Nilinyamaza kidogo kabla ya kuitikia marahaba.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii, kwamba ua hutambuliwa kwa rangi, na kwamba picha ya ua peke yake inatosha ilimradi imepigwa kwa karibu na kwa simu nzuri. Rangi ni namna ya mmea kuwaita wachavushaji, na mimea isiyo na undugu wowote wa karibu huvaa nyekundu kwa sababu inamwita ndege yule yule, chozi. Kwa Kilimanjaro pekee, swali la ua jekundu lina angalau majibu matatu. La kwanza ni Kniphofia thomsonii, yenye kikonyo kirefu kilichosimama wima na maua mengi ya umbo la mrija yanayoinamia chini, na majani yake marefu membamba huchipuka yote kutoka ardhini. La pili ni Gladiolus watsonioides, ambayo maua yake ni makubwa zaidi, machache, na majani yake yamekaa kama panga nyembamba. La tatu ni Impatiens kilimanjari, mmea wa msituni usiopatikana kwingine duniani, wenye shina laini lililojaa maji na ua jekundu lililochanganyika na manjano, likiwa na kimkia kilichopinda ambamo nekta hukaa.

Mtu akinionyesha doa jekundu, sina namna ya kuchagua kati ya hayo matatu. Akinionyesha ndani ya ua, nahesabu stameni, yaani vijiti vinavyobeba chavua: Gladiolus ina tatu, Kniphofia ina sita. Akinionyesha ua kwa ubavu, naona kama ovari, sehemu inayokuja kuwa tunda, imekaa chini ya petali, kama ilivyo kwa Gladiolus, au imefichwa ndani yake, kama ilivyo kwa Kniphofia. Akiniambia tu kwamba alikuwa kambi ya Horombo, kwenye mwinuko wa mita 3,720, Impatiens naiondoa mara moja, kwa sababu msitu wenye unyevu ameshauacha mbali chini. Hakuna hata kimoja kati ya vidokezo hivyo kinachohitaji elimu ya chuo kikuu, na hakuna hata kimoja kinachotokana na rangi.

Rangi yenyewe, tena, haitulii. Helichrysum meyeri-johannis, mojawapo ya yale yanayoitwa maua ya milele, iliyopewa jina la Hans Meyer aliyefika kileleni mwaka 1889, huonekana ya waridi likiwa bado limefumba na karibu nyeupe likishafunuka, na nimewahi kuletewa picha mbili za mmea huo huo kama spishi mbili tofauti. Isitoshe, kile kinachodhaniwa kuwa petali zake ni brakti, yaani vijani vinavyozunguka ua, kavu kama karatasi. Maua halisi ni yale madogo mengi yaliyosongamana katikati.

Wapo wanaoniambia kwamba programu ya simu imeshawapa jina. Programu hizo zina manufaa yake, lakini hulinganisha picha yako na picha zilizokwisha kukusanywa, na mmea wa bustani za Ulaya umepigwa picha mara nyingi mno kuliko mmea wa mlima mmoja wa Afrika. Ukiipa doa jekundu, itakurudishia doa jekundu lenye jina la Kilatini. Mimi huwasihi wapige picha tano: mmea mzima mahali ulipoota, jani pande zote mbili, ua kwa mbele, ua kwa ubavu, na sehemu shina linapotokea ardhini, kisha waandike mwinuko na tarehe kwenye daftari, kwa penseli. Penseli naisisitiza hadi nachekwa, lakini wino wa kalamu hukwama kwenye baridi na huyeyuka kwenye ukungu.

Dhana nyingine sizipi muda mrefu. Maua ya milele si edelweiss. Hiyo ni ya jenasi Leontopodium ya milima ya Ulaya na Asia, ingawa yote ni ya familia ya alizeti. Lobelia na senesio ni mimea mikubwa ya sehemu za juu za mlima, na lobelia si senesio changa. Senesio kubwa, Dendrosenecio kilimanjari, ni mti unaogawanyika matawi, hubakiza majani yake makavu shinani kama koti la kujikinga na sakitu, na maua yake ni ya manjano. Lobelia deckenii husimama kama mnara mmoja, maua yake ya buluu yamejificha nyuma ya brakti, na rozeti yake, yaani duara la majani lililosongamana, hutunza maji na kufunga majani usiku. Kuchuma ua moja "ili Mwalimu alione" ni kosa ndani ya hifadhi ya taifa, na kwa vyovyote huku Dar linanifikia likiwa limenyauka. Na anayetaka maua kwa wingi asidhani ni lazima apande Kilimanjaro: Kitulo, huko Nyanda za Juu Kusini, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake, ikiwemo okidi za ardhini, nayo huitwa Bustani ya Mungu.

Kuhusu lile doa jekundu, nilimwomba mwenye picha apekue simu yake yote. Baada ya siku mbili alinitumia picha ya kundi lao, wamekumbatiana mbele ya kijito kabla ya kufika Horombo, na nyuma ya buti la mwenzao wa kulia lilionekana fungu la majani marefu yaliyokunjika katikati kama mfereji, na juu yake kikonyo kimoja chenye mirija iliyoinama. Kniphofia thomsonii. Alijibu kwamba picha hiyo alikaribia kuifuta kwa sababu mwenzao alikuwa amefumba macho.