Ramani za kale mtandaoni: tunayodhani na yalivyo

"Nimetafuta Kilwa, hakuna kitu." Wengi hukata tamaa hapo, siku ya kwanza tu, wakaamini kwamba jina la leo likikosekana basi na ramani haipo. Ipo, ila kwa tahajia ya aliyeichora. Kilwa ni Quiloa, Mombasa ni Mombaza, Malindi ni Melinde, Mafia ni Monfia. Mwaka 1572 wachapaji Braun na Hogenberg walichapa kule Cologne ukurasa mmoja wenye picha za miji minne: Aden, Mombaza, Quiloa na Cefala, yaani Sofala. Kwenye ramani za Wajerumani andika Moschi kwa Moshi, Wilhelmsthal kwa Lushoto, Neu Langenburg kwa Tukuyu. Kwa Kongo ya Wabelgiji, Lubumbashi ni Elisabethville na Kalemie ni Albertville. Andika majina hayo pembeni kabla hujafungua kompyuta.

"Ramani iliyokosea haina faida." Hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi. Mwaka 1856 ilichapishwa ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliokuwa wakikaa pwani yetu. Katikati ya bara wamechora ziwa moja kubwa mno, refu na lililopinda, likaitwa Bahari ya Uniamesi, yaani Unyamwezi. Ulaya walilifananisha na konokono asiye na gamba. Lakini ikuze picha, kisha fuata kwa kidole njia za misafara kutoka pwani. Erhardt aliwauliza wafanyabiashara waliokwenda bara, na kila aliyepita njia yake alisema amefika kwenye maji makubwa. Wote walisema kweli! Kuna Nyanza, yaani ziwa Victoria, kuna Tanganyika, kuna Nyasa. Kosa ni la aliyeyaunganisha maji matatu yakawa moja. Ramani hiyo ilichangia kuwatuma wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke bara mwaka 1857, na kwangu mimi ni hazina, kwa sababu ndani yake mna masimulizi ya watu wetu ambao majina yao hakuna aliyejali kuyaandika.

"Palipoachwa weupe hapakuwa na watu." Si kweli hata kidogo. Mchora ramani Mfaransa d'Anville, katika ramani yake ya Afrika ya 1749, alifuta milima na mito mingi ambayo hakuipatia ushahidi, akaacha karatasi nyeupe. Weupe ule unapima ujuzi wake, basi. Buganda ilikuwa na kabaka wake wakati huo huo.

"Ramani ya Mjerumani itamaliza kesi ya shamba letu." Nawaonea huruma wanaoitegemea hivyo. Ramani kuu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyosimamiwa na wachora ramani Sprigade na Moisel, ina kipimo cha 1:300,000. Milimita moja ni mita 300, kwa hiyo mstari wa nusu milimita umekwisha kufunika mita 150. Mpaka wa shamba utauona wapi? Itafute kwa mambo mengine: njia za miguu, mito, na majina ya vijiji, ambavyo mara nyingi viliandikwa kwa jina la jumbe wa wakati ule. Anayefuatilia ukoo wake hapo atapata kitu.

"Lazima uende Ulaya, au ulipe." Mkusanyo wa David Rumsey ulioko Stanford, Maktaba ya Bunge la Marekani na Maktaba ya Taifa ya Scotland hukuonyesha ramani bure, na Old Maps Online hupekua makusanyo mengi kwa mpigo. Maktaba ya Uingereza nayo imepiga picha ramani za kijeshi za Afrika Mashariki za kati ya 1890 na 1940, nyingine zikiwa michoro ya mkono iliyofanyiwa porini. Kuchapisha upya ni jambo jingine. Soma masharti ya kila maktaba.

Na usiamini kwamba ramani ya zamani haiwezi kulinganishwa na ya leo. Baadhi ya tovuti hizi hukuruhusu kuitandaza juu ya picha ya satelaiti na kuififisha taratibu hadi picha ya chini ionekane. Ukijaribu na ramani za nchi zetu, mara nyingi utaona pwani imekaa vizuri, maana manahodha waliipima kwa uangalifu. Bara ndiko milima na vijiji vinakosogea kando, kwa kuwa msafiri alikadiria mwelekeo kwa dira, na umbali kwa saa ya mfukoni na mwendo wa wapagazi wake.