Kuomba swali lirudiwe si kufeli

Hapa Goma, vijana wengi wanaoitwa kwenye intavyuu za mashirika ya kimataifa huamini kwamba anayejibu papo hapo, kwa Kiingereza cha mbio, ndiye anayejiamini. Si kweli. Umoja wa Mataifa, kwa mfano, hutumia usaili wa kupima umahiri: jopo hutaka kisa halisi cha kazi, ulichofanya wewe na matokeo yake.

Kwa hiyo kama swali hukulielewa, sema "Could you repeat the question, please?" Ukihitaji kufikiri: "Let me think about that for a moment." Kisha nyamaza kweli, wengi hulisema halafu wanaendelea kubwabwaja. Kisa kianze na "In my last job, I was responsible for", tuseme kugawa maji kambini, na useme "I". Tumelelewa kusema "tulifanya", ni adabu, lakini jopo linabaki halijui mkono wako ulishika nini.

Yale ya kukariri, kama "I am a hard worker", yaache. Kila aliyekutangulia kwenye kile kiti kashayasema.