Je, wajua Johnny B. Goode alikuwa nani?

Hakuwa mtu. Mpiga gitaa huyu anayetajwa tangu enzi za mwanzo za rock and roll hakuwahi kuzaliwa. Anaishi ndani ya wimbo wenye jina lake, uliorekodiwa na Chuck Berry, mwanamuziki wa Marekani, jijini Chicago Januari 1958.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kijana anakaa kwenye kibanda cha magogo ndani ya msitu wa Louisiana, upande wa New Orleans. Kusoma na kuandika kunamshinda, ila gitaa limemkubali. Analitia ndani ya gunia, anakwenda kuketi chini ya mti kando ya reli, anapiga akifuata mdundo wa treni. Mama yake anamwambia ipo siku jina lake litawaka kwa taa.

Basi Berry alimtoa wapi? Sehemu kubwa alimtoa nyumbani. Alizaliwa mwaka 1926 St. Louis, Missouri, katika mtaa ulioitwa Goode Avenue, na hapo ndipo jina la ukoo lilipotoka. Johnny alitokana na Johnnie Johnson, mpiga piano aliyemchukua Berry kwenye bendi yake mwishoni mwa 1952. Cha ajabu, piano unayoisikia kwenye rekodi si ya Johnson bali ya Lafayette Leake.

Ila tusimchanganye Johnny na Berry. Berry alikuwa mtoto wa mjini, na mama yake alikuwa mwalimu. Kibanda na msitu vinatoka mbali zaidi: Berry alieleza kwamba aliichagua New Orleans kwa sababu alikuwa ameelezwa kuwa pande hizo ndiko Waafrika wengi walikopangwa na kuuzwa utumwani. Mimi nikishajua hilo, siwezi tena kuusikiliza wimbo huu kama wa kuchezea tu.

Na kuna neno moja lililobadilishwa. Kwanza Berry aliandika kwamba Johnny ni kijana mweusi. Akaona redio za Marekani za wakati ule zisingeupiga wimbo wa namna hiyo, akamfanya kijana wa shamba. Redio zikaupiga, na ukafika nambari 8 kwenye chati ya pop ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Mahali pa lile neno pangali panaonekana kwa anayejua.

Halafu ule mwanzo wa gitaa! Sikiliza sekunde za kwanza: gitaa liko peke yake, kidole kimoja kimelala juu ya nyuzi mbili nyembamba na kuzibana pamoja, sauti mbili zinatoka kwa mpigo mmoja, mara uzi unasukumwa kidogo hadi sauti inapinda. Wapiga solo wengi duniani wamejifunzia hapo. Lakini mwanzo huo una mwenyewe aliyetangulia: Carl Hogan, mpiga gitaa kwenye bendi ya mwanamuziki Louis Jordan, aliupiga karibu vilevile kwenye rekodi ya mwaka 1946. Berry hakuficha kwamba alimpenda Hogan. Ni haki tumtaje, maana wengi wanaouiga mwanzo huo hawajawahi kulisikia jina lake.

Johnny naye hakuishia kando ya reli. Mwaka 1960 Berry alimwendeleza katika wimbo mwingine: mama anatoa akiba yake yote benki na kumpandisha mwanawe basi la kwenda Hollywood. Huko kijana anafanikiwa.

Mwaka 1977 NASA ilirusha vyombo viwili vya anga vya Voyager, kila kimoja kikiwa na sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu yenye muziki wa dunia. Wimbo pekee wa rock uliomo ni huu, na kwenye sahani hiyohiyo umo wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti uliorekodiwa Kongo. Voyager 1 sasa kimetoka kwenye eneo la upepo wa jua na kingali kinakwenda. Kule St. Louis, Goode Avenue imeshabadilishwa jina: inaitwa Annie Malone Drive, kwa heshima ya mwanamke mweusi aliyeanzisha chuo cha urembo ambako Chuck Berry, kabla ya muziki kumlipa, alisomea ususi.