Mafunzo ya maktaba ya chuo yaanzie kaunta

Mwanafunzi wa uuguzi kaja kaunta na simu yake, kioo kimepasuka pembeni, kwenye skrini kuna makala anayoitaka kwa ajili ya utafiti wake na chini imeandikwa ulipe dola 39.95 ndo usome. Aliyekuwa zamu ni mkutubi msaidizi, dada mpole tu, akamwambia pole mdogo wangu, hiyo ya kulipia, tafuta nyingine. Kijana akashukuru akaondoka. Mimi nilikuwa nyuma yao hatua mbili na iliniuma kweli, maana chuo chetu kilikuwa kimeshajisajili Hinari, mpango wa kusoma majarida ya afya mtandaoni, miaka mingi, makala ile ilikuwa inafunguka bure kabisa kwa paswedi ya chuo, na paswedi yenyewe imekaa kwenye droo ya mtu mmoja aliyewahi kwenda semina.

Dada yule simlaumu. Hakuna aliyemwonyesha.

Kwa asiyeijua, Hinari ilianzishwa 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa wa majarida, ikafuata AGORA ya kilimo 2003, na nyingine za mazingira, teknolojia na sheria, zote sasa zinaitwa Research4Life. Tanzania tupo kwenye kundi la nchi zinazopata bila kulipa, chuo kinajisajili tu. Kwa hiyo hapo usiniambie bajeti, pale kilichokosekana ni saa moja ya kumkalisha yule dada kwenye kompyuta.

Sasa mafunzo yetu mengi yanaendaje? Barua inakuja, nafasi moja, anaenda yule yule wa kila mwaka, siku nne hotelini, posho, cheti, akirudi anaandika ripoti inaingia kwenye faili basi. Wale wanaokutana na wanafunzi kutwa nzima, wenye cheti na diploma zao, wengine wamesoma pale SLADS, chuo cha ukutubi Bagamoyo, na wamesoma vizuri tu, wanabaki na kile walichofundishwa darasani miaka 15 iliyopita wakati mambo yanabadilika kila siku.

Chukua Koha, programu ambayo maktaba nyingi za vyuo tunatumia kuazimisha na kuorodhesha vitabu. Ilitoka New Zealand, ni ya bure, na toleo jipya linatoka kila miezi 6. Watu wanasikia bure wanafurahi, ila bure maana yake hakuna kampuni iliyokuuzia ambayo lazima ikuletee fundi akufundishe, ujuzi wote unatakiwa ukae kwa watumishi wako mwenyewe. Akiujua mmoja halafu akahamishwa, mnarudi kwenye rejista ya karatasi, nimeona kwa macho yangu.

Kilichofanya kazi kwetu ni kitu kidogo sana. Kila Jumatano tunafungua maktaba saa nzima baadaye kuliko siku nyingine, wanafunzi wanajua, na saa hiyo kila mtumishi anakaa na kompyuta yake, projekta hatuwashi kabisa maana mtu akiangalia slaidi anatingisha kichwa tu, mpaka aguse mwenyewe ashindwe ndo anajua. Somo linatoka kwenye daftari la kaunta tuliloliandika kwa nje "Yaliyotushinda", mtu yeyote akiulizwa kitu asijue anakiandika mle na tarehe. Aliyeenda semina anatakiwa ndani ya wiki mbili awe ameshatufundisha, hata kama ni mkuu wa maktaba. Na wanaoorodhesha vitabu huko nyuma nao wanapangiwa zamu ya kaunta, wanakuja kugundua wenyewe kwamba kitabu walichokiandika vibaya hakitafutiki. Hata mlinzi wa getini tunamkaribisha, maana yeye ndo anaulizwa wa kwanza.

Mara ya kwanza watu walinuna, wakubwa kidogo waliona aibu kushindwa mbele ya vijana, ikachukua kama miezi miwili ndo wakazoea.

Na wewe mwanafunzi ukiambiwa makala ni ya kulipia, usiondoke, uliza chuo chetu kimejisajili Research4Life? Kama aliyepo hajui mwombe aandike swali lako. Wiki iliyopita daftari letu lina matatu: namna ya kuingia Hinari ukiwa nyumbani, kwa nini tasnifu ya 2011 haionekani kwenye hifadhi yetu ya mtandaoni, na Turnitin, programu ya kuangalia kama kazi imenakiliwa, kumpa mtu asilimia 60 kwa sababu ya orodha ya marejeo. Jumatano tunaanza na hilo la Hinari, na yule dada ndo anafundisha.