Jamani, Reagan alikuta ndege zimesharuka

Juzi tena. Semina ya mwaka wa pili, kijana wa mstari wa mbele anasimama kwa kujiamini: "Mwalimu, uliberali mamboleo uliletwa na Rais Reagan wa Marekani, na maana yake ni serikali kujitoa kwenye uchumi." (Uliberali mamboleo ni fikra za kuupa ushindani wa soko usukani wa uchumi.) Sentensi moja ya kijana, nusu yake ya kwanza si kweli na nusu ya pili ni mbovu zaidi. Naisikia kila muhula. Kinachoniuma ni kwamba naikuta hata kwenye mitihani ya watu niliowafundisha mwenyewe.

Asili ya wazo lenyewe nitaipitia mbiombio. Agosti 1938 wanazuoni walikutana Paris kujadili kitabu cha mwandishi wa habari wa Kimarekani, Walter Lippmann. Aprili 1947 mwanauchumi Friedrich Hayek akawakusanya wenzake wa fikra hizo Mont Pèlerin, Uswisi, na nauli za Wamarekani zikatoka mfuko wa Volker wa Kansas City. Mwaka 1950 akahamia Chuo Kikuu cha Chicago, na mshahara wake ukatoka mfuko huohuo. Wazo lilikuwa na mlezi mwenye pesa, ndiyo. Tuendelee.

Sasa hilo la "serikali kujitoa". Henry Simons, mmoja wa walimu walioijenga Chicago, aliandika kijitabu mwaka 1934 akiitaka serikali ivunje makampuni ya ukiritimba, na pale ushindani usipowezekana, mfano kwenye reli, iyamiliki yenyewe. Ndiyo, iyamiliki! Mwaka 1951 Milton Friedman, mwanauchumi wa Chicago hiyohiyo, aliandika makala iliyobeba neno uliberali mamboleo kwenye kichwa chake, akiwalaumu waliberali wa karne ya 19 kwa kudhani kwamba serikali haina ijualo ila kudhuru. Hawa watu hawakuamini kwamba soko huota lenyewe kama uyoga baada ya mvua. Waliamini linajengwa kwa sheria, mahakama na fedha imara, kisha linalindwa, hata dhidi ya wapiga kura ikibidi. Refa walimtaka, tena mwenye filimbi kali. Walichokataa ni refa kufunga magoli. Ni kweli kwamba baadaye Friedman alilegea sana kuhusu ukiritimba wa makampuni binafsi, na hapo Simons angemshangaa.

Turudi kwa Reagan. Tangu 1938 Marekani kulikuwa na bodi ya serikali iliyoamua shirika gani la ndege liruke kati ya majimbo gani na kwa nauli ipi. Kwa miaka 40 bodi hiyo haikuruhusu hata shirika moja jipya kuingia kwenye safari kuu. Wakati huohuo, ndani ya Texas na ndani ya California, ambako mkono wa bodi haukufika, watu walipanda ndege kwa bei nafuu kabisa. Nani alilipigia kelele jambo hili bungeni? Seneta Ted Kennedy, mwaka 1975. Nani alimuunga mkono? Ralph Nader, mtetezi wa walaji. Nani aliteuliwa kuiongoza bodi na kuilegeza kutoka ndani? Alfred Kahn, mteule wa Jimmy Carter, rais aliyemtangulia Reagan. Sheria ya kuyaachia mashirika ya ndege ikasainiwa Oktoba 1978. Malori na reli vikafuata 1980. Hata Paul Volcker (si yule wa mfuko), aliyekamua mfumuko wa bei hadi riba ikakaribia asilimia 20 na Mexico ikashindwa kulipa madeni yake Agosti 1982, aliwekwa kuongoza Benki Kuu na Carter mwaka 1979. Ukimtoa Nader, wote hao ni wa chama cha Democratic au wateule wake!

Hapa lazima nikiri jambo. Kwa miaka mingi nilichora ubaoni mstari ulionyooka kutoka Mont Pèlerin hadi Ikulu ya Marekani. Siku hizi mkono unasita. Kahn hakuwa mfuasi wa Hayek. Alitaka abiria wapate nauli nafuu, basi. Kama bei zisingepanda huku ajira zikipotea katika miaka ya 1970, je, vile vitabu vya Chicago vingesomwa na nani nje ya Chicago? Mawazo yalikuwa tayari kabatini, hilo nina hakika. Kama ndiyo yaliyofungua mlango, au yaliukuta wazi, sijui, na vitabu vya kiada vinavyojua vinanitia shaka.

"Sasa Mwalimu, Reagan alifanya nini?" akauliza yule kijana, kanuna kidogo. Nikamwambia: alishusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 70 hadi 28. Agosti 1981 aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, wakati chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kimempigia debe mwaka mmoja kabla. Na akaacha deni la taifa limekaribia mara tatu ya alivyolikuta.

"Kwa hiyo serikali haikujitoa," akasema.

Kaa chini, mwanangu. Tufungue ukurasa wa Clinton.