Muuguzi anayeingia zamu akiumwa
Wengi huamini kwamba muuguzi anayeingia zamu huku anaumwa anawasaidia wenzake na wagonjwa. Nia ni njema, na mara nyingi hakuna wa kumshikia zamu. Ila tafiti nyingi zimeona kuwa kufanya kazi ukiwa mgonjwa huenda sambamba na uchovu sugu wa kazi: nguvu kuisha, moyo kupoa kwa wagonjwa, kujiona hufai. Na virusi havijali moyo wa kujitolea. Aliyeharishwa na norovirusi hushauriwa asirudi wodini hadi saa 48 zipite tangu dalili ziishe.

Kipi huanza, kufanya kazi ukiumwa au uchovu huo? Ukisoma dai lolote, angalia kama watafiti waliwafuatilia watu walewale kwa muda. Kuwauliza mara moja tu hakuonyeshi kilichotangulia.